Neno "Cheki": Maana Yake, Matumizi Yake na Asili Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote.

SUALI

Assalaam alaykum masheikh wetu. Mume wangu ni dereva wa malori yanayobeba mizigo ya transiti kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Mimi na watoto tupo Pemba. Kila akifika Misugusugu hunipigia simu akaniambia: "Nipo cheki, nikitoka nitakucheki." Mara nyengine hanicheki mpaka siku ya pili. Mwezi uliopita aliporudi nyumbani, nilimcheki simu yake usiku alipolala. Sikukuta kitu, lakini aliamka akaniona, na tangu siku ile hatuzungumzi vizuri. Anasema nimefanya dhambi. Mimi nikamwambia: Serikali inakucheki pale Misugusugu kila safari na husemi kitu, mimi mkeo nisikucheki? Naomba mnifahamishe: kwani kucheki ni dhambi?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Tunakushukuru dada yetu kwa kutuamini katika jambo la nyumbani kwako. Tumeondoa kila kitu kinachoweza kukutambulisha, kisha tukaona jibu lako tuliweke wazi kwa wote, kwa sababu nyumba yenye suali kama lako si moja.

Wanavyuoni wana kanuni isemayo kuwa huwezi kukihukumu kitu kabla hujakifahamu. Katika barua yako neno "cheki" limekuja mara saba, na si kwa maana moja. Ukiuliza "kucheki ni dhambi?" ni sawa na kuuliza "kukata ni dhambi?" bila kusema kinachokatwa. Kwa hivyo tutaanza na neno lenyewe: limetoka wapi, limepita wapi, na tunalitumiaje. Tukimaliza hapo, hukumu itakuwa nyepesi kuifahamu.

1. Asili ya neno

"Cheki" tumelichukua kutoka Kiingereza, neno "check". Watu wengi wanadhani safari yake inaanzia hapo. La. Waingereza nao walilipokea kutoka kwa Wafaransa wa zamani, waliokuwa wakisema "eschec". Wafaransa walilipata kupitia Kilatini cha zama za kati, na Kilatini kililipata kwa Waarabu, ambao nao walilichukua kwa Waajemi. Kwa Waajemi neno lilikuwa "shah", maana yake mfalme.

Lililolibeba neno hili njia yote hiyo ni mchezo wa sataranji. Mchezo huu ulianzia Bara Hindi, ukaingia Uajemi, na Waislamu walipoifungua Uajemi katika karne ya 7 Miladia wakaukuta huko. Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa wake, na as-Suli, mwanachuoni wa fasihi aliyefariki katika karne ya 10, alitunga vitabu juu ya mchezo huu. Kutoka ulimwengu wa Kiislamu ukavuka kuingia Ulaya, Andalus ikiwa mojawapo ya milango yake.

Katika sataranji, mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake hutamka "shah", yaani "mfalme wako yumo hatarini". Hapo mwenzake hawezi kufanya jengine lolote, ni lazima asimamishe mipango yake yote amuokoe mfalme kwanza. Asipoweza, husemwa "shah mat" na mchezo umekwisha. Mwenye kujua Kiarabu husikia hapo "mfalme amekufa", neno la ukoo mmoja na "mauti" na "maiti" yetu. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema kuwa kwa Kiajemi maana yake ni "mfalme ameshindwa, hana pa kwenda". Waingereza wakaligeuza likawa "checkmate". Hata jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza, "chess", linatokana na wingi wa neno lile lile la Kifaransa.

Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea neno hili mapema kwa njia ya bahari. Tunasema "shaha" kwa maana ya mkubwa au kiongozi, na bingwa wa washairi tunamwita shaha wa malenga. Kwa hivyo "shaha" na "cheki" ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja alikuja kwa jahazi moja kwa moja, na mwengine alizunguka Ulaya yote kabla ya kutufikia.

Kwa kuwa tumeitaja sataranji, na vijana wengi wanaicheza katika simu, tunaongeza hukumu yake kwa ufupi. Ikiwa ndani yake pana kamari, ni haramu kwa makubaliano. Ikimpitisha mtu wakati wa Sala, ni haramu kwa sababu hiyo. Isipokuwa na hayo, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu nyengine wameikataza, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama alivyoeleza Imam an-Nawawi, ni makuruhu wala si haramu.

2. Kutoka "mfalme" hadi "ukaguzi"

Inakuwaje neno lenye maana ya mfalme likawa na maana ya kukagua? Tazama hatua zake.

Hatua ya kwanza ni ile ya mchezoni: tishio linalomlazimisha mtu kusimama. Neno liliingia katika Kiingereza kiasi cha mwaka 1300 likiwa na maana hiyo.

Hatua ya pili, likatoka ubaoni. Kila kitu kinachomsimamisha mtu ghafla au kumzuia kikaitwa "check". Hadi leo Mwingereza akisema amezi-"check" hasira zake, maana yake amezizuia, wala hakuzikagua.

Hatua ya tatu, kiasi cha karne ya 17, neno likawa na maana ya kuhakikisha. Njia moja ya kumzuia mtu asidanganye ni kulinganisha anachosema na kitu chengine kilicho mkononi. Hapo ndipo kuzuia kukawa kukagua.

Hatua ya nne ikaleta matawi mengi. Msafiri anaposajiliwa Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, huambiwa "check-in". Orodha ya kuhakikishia mambo ni "checklist". Alama ya kuonesha jibu ni sahihi, Wamarekani huiita "check". Bili ya chakula mkahawani, kwao pia ni "check". Nguo yenye miraba kama ubao wa sataranji ni "checked", na sisi tukatumia mchezo mwengine tukaiita shati la drafti. Na pale magari au watu wanaposimamishwa kukaguliwa ni "checkpoint".

Hata hazina ya Uingereza imechukua jina lake katika ukoo huu. Tangu karne ya 12 maofisa wa mfalme walikuwa wakihesabu kodi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba mfano wa ubao wa sataranji. Idara ikaitwa "Exchequer", na waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa kwa jina hilo mpaka leo.

3. Je, cheki ya benki imetoka kwenye neno "sakk"?

Hapa tunataka kutahadharisha. Inasambazwa sana katika darsa na katika simu kwamba neno "cheque" la benki limetoka kwenye neno la Kiarabu "sakk", na kwamba huo ni ushahidi kuwa Waislamu ndio walioanzisha benki.

Iliyo kweli ni kuwa sakk ilikuwepo. Wafanyabiashara wa zama za Bani Abbas walitumia hati za kuamuru malipo, mtu asilazimike kusafiri na dhahabu njia nzima. Wingi wa neno hilo ni "sukuk", na ndilo jina la hati za uwekezaji zinazofuata Sharia tunazozisikia leo. Hiyo ni historia yetu, na hatuna haja ya kuiongezea chumvi.

Ama neno la Kiingereza, kamusi kubwa za lugha hiyo zinaeleza kuwa limetokana na "check" kwa maana ya kuhakikisha: kipande cha karatasi kilichobaki kwa mtoaji ili kulinganishwa na kile kilichotolewa, kuzuia kughushi. Baadaye Waingereza wakaliandika "cheque", kwa kuvutwa na lile neno la hazina, na Wamarekani wakabaki na "check". Matamshi ni mamoja.

Kwa nini tumelisimamia hili? Kwa sababu Muislamu anayesambaza habari inayomfurahisha bila kuihakikisha amefanya kosa lile lile tunalolikataza kwa wengine. Na hapa ndipo neno letu linapokutana na Qur'ani, kama utakavyoona mbele.

4. "Cheki" katika Kiswahili chetu

Kiswahili kimelichukua neno hili na kulipa kazi nyingi:

- Kutazama: "Tunacheki mpira."
- Kupima: "Amekwenda kucheki presha," "kucheki sukari," "kucheki afya."
- Kukagua: "Cheki hesabu kabla hujalipa."
- Kuwasiliana: "Nitakucheki," "nicheki kesho." Maana hii tumeizua wenyewe.
- Hundi: "Kanipa cheki." Wazee walisema hundi, neno lililokuja na wafanyabiashara wa Kihindi.
- Namba ya mtumishi wa Serikali katika orodha ya mishahara: "cheki namba".
- Kituo cha ukaguzi: "Nipo cheki," kama anavyosema mumeo, kwa kukata neno "chekipointi".
- Kupekua jambo la mtu bila yeye kujua: "Nilimcheki simu yake."

Wapo wanaodhani "cheka" na "cheti" ni wa ukoo huu. Si kweli. "Cheka" ni neno letu la Kibantu, na "cheti" limetoka Bara Hindi.

Sasa zitazame maana hizi tena. Ile ya "cheki hesabu" na ile ya "nilimcheki simu yake" zimepewa neno moja, lakini je, ni kitendo kimoja? Kiswahili chenyewe kinakataa. Kwa la kwanza tunayo maneno kagua, hakiki, thibitisha. Kwa la pili tunayo chungulia, dukiza, doya, peleleza. Hakuna mzee wa Kiswahili atakayechanganya mkaguzi na mdukizi. Tatizo la neno la mkopo ni kuwa lilipokuja lilifunika tofauti tuliyokuwa nayo. Mtu anaona uzito kusema "nilimpeleleza mume wangu", lakini "nilimcheki" linatoka mdomoni bila ya haya.

5. Tabayyun na tajassus

Tofauti hiyo Qur'ani imeiweka wazi, na katika sura moja, Suratul Hujurat (49).

Katika aya ya 6 waumini wanaamrishwa kuwa wakiletewa habari na mtu asiyeaminika, waihakikishe kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Hiyo ndiyo tabayyun. Baadhi ya maimamu wa visomo wameisoma kwa tamko la kuthibitisha, neno la shina moja na "thibitisha" yetu. Wafasiri wengi wametaja kuwa sababu yake ni habari iliyomfikia Mtume (s.a.w.) kuhusu Bani Mustaliq kwamba wamezuia zaka, na ilikaribia kuleta vita, kumbe haikuwa hivyo.

Aya sita tu mbele, katika aya ya 12, waumini wale wale wanakatazwa kudhania dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Neno la kupeleleza hapo ni tajassus, na kutoka shina lake ndiko tulikopata neno "jasusi".

Kwa hivyo ndani ya sura moja mna amri ya kuhakikisha na katazo la kupeleleza. Kiingereza kinayaita yote mawili "check", na sisi tumefuata. Sharia haikuyaita jina moja.

Tofauti iko wapi? Tabayyun inaanzia kwenye habari iliyokufikia na inayokutaka utoe uamuzi. Unaihakikisha kwa uwazi, na lengo lako ni kuwaepusha watu na dhulma. Tajassus inaanzia kwenye dhana, inafanywa kwa siri, na lengo lake ni kutafuta aibu iliyofichwa. Aya ya 12 imezipanga kwa mfuatano ambao kila mtu mzima anaujua: kwanza dhana, kisha upelelezi, kisha maneno ya nyuma ya mgongo.

6. Misugusugu

Tuje kwenye hoja yako kwamba Serikali inamcheki mumeo Misugusugu. Ni hoja yenye akili, na inastahiki jibu kamili.

Misugusugu ni kata ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kando ya Barabara ya Morogoro. Watu wengi wa visiwani wameipita bila kuijua kwa jina. Mzazi anayempeleka mwanawe Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, akishashuka boti Dar es Salaam na kupanda basi, ataipita baada ya Maili Moja na kabla ya kufika Mlandizi. Pale pana kituo cha ukaguzi cha Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ndicho madereva wanachokiita cheki.

Kazi ya ukaguzi huo ni hii. Mzigo unaoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi haulipiwi ushuru wa kuingia Tanzania, kwa sababu hautumiki hapa. Lakini ukishushwa njiani na kuuzwa Bara, mwenye nao amekula haki ya umma, na amemdhulumu mfanyabiashara muaminifu aliyelipia mzigo wake. Ndiyo maana mzigo hufungwa lakiri, hufuatiliwa kwa mitambo, na njiani kuna vituo vya kuhakikisha kuwa kilichotoka bandarini ndicho kilicho ndani ya gari.

Uzingatie ukaguzi wa namna hii, utaona una mambo manne. Kwanza, anayekagua ana mamlaka yanayojulikana. Pili, anakagua kwa uwazi, mwenye gari amesimama na anaona. Tatu, ukaguzi una mpaka: lakiri, namba ya gari, karatasi za mzigo. Hapana anayemuuliza dereva amezungumza nini na mkewe jana usiku. Nne, dereva alipoupokea mzigo alijua na aliridhia kuwa utakaguliwa.

Huu ndio mfano wa hisba ambayo wanavyuoni wetu waliandika juu yake. Imam al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi'i aliyefariki Baghdad mwaka 1058, ameeleza katika kitabu chake juu ya hukumu za utawala kuwa msimamizi wa soko anakagua yaliyo dhahiri, kama mizani na vipimo, lakini hana ruhusa ya kupeleleza yaliyofichika majumbani. Isipokuwa pale penye hatari isiyoweza kurekebishwa baadaye, mfano kuletewa habari na mtu muaminifu kuwa fulani amemchukua mtu faragha ili amuue. Tazama: hata mwenye mamlaka ya dola mpaka wake ni mlangoni.

Na mkaguzi naye ana hisabu yake. Akiugeuza ukaguzi kuwa mtego wa kuombea rushwa, ametoka katika hisba na kuingia katika dhulma, na Hadithi imemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Dereva asijitetee kwa kusema "ndivyo barabara ilivyo".

Sasa ipime simu ya mumeo usiku ule kwa mambo yale manne. Hukuwa na mamlaka juu ya simu yake, ulifanya kwa siri, ukaguzi wako haukuwa na mpaka, na mwenyewe hakuridhia. Kwa hivyo ulichofanya hakifanani na cheki ya Misugusugu, ingawa jina ni moja.

7. Hukumu ya kupekua simu ya mke au mume

Haijuzu kwa mke kupekua simu ya mumewe, wala kwa mume kupekua simu ya mkewe, kwa dhana tupu na bila ya idhini. Dalili ni aya tuliyoitaja, pamoja na Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inayotahadharisha juu ya dhana na kupelelezana. Wote wawili pia wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), na hapo akafundisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya kulinda macho. Simu ya leo ni nyumba yenye mlango, na neno la siri ni kufuli lake.

Wanaume nao wasidhani katazo hili ni la wake peke yao. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza msafiri kuwarudia watu wake ghafla usiku kwa nia ya kuwatuhumu na kuwanasa katika makosa. Hadithi hii inamhusu moja kwa moja kila dereva, kila baharia na kila mwenye kazi ya safari. Akikaribia nyumbani, atoe habari.

Na tunakumbusha kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwengine bila ya ruhusa, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

Yapo mambo ambayo hayaingii katika katazo:

- Kuuliza si kupeleleza. Una haki kamili ya kumuuliza mumeo yuko wapi, na kwa nini hakupiga.
- Zikidhihiri dalili za wazi, ambazo si ndoto wala maneno ya jirani, jambo hilo lizungumzwe uso kwa uso. Likishindikana, Suratun Nisaa (4), aya ya 35, imeelekeza waitwe wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kila upande.
- Mke wa msafiri, na msafiri mwenyewe, wana haki ya kuombana wakacheki afya pamoja hospitali. Hiyo ni kinga ya nafsi na haina tuhuma ndani yake.
- Wazazi kwa watoto wadogo wana wajibu wa kusimamia, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini nao wamwambie mtoto tangu mwanzo kuwa simu itatazamwa, iwe ni ukaguzi wa wazi usiogeuka udukizi.

8. Neno kwa mume

Ndugu yetu dereva, hukumu juu ya mkeo isikufanye ujione umeshinda kesi. Kila safari unamwambia "nitakucheki". Kwa wengi neno hili limekuwa la kuagia tu, hata halihesabiwi kuwa ahadi. Lakini kwa mtu anayelala Pemba na watoto, akijua barabara ile ina malori na ajali, "nitakucheki" ni ahadi, na anakesha nayo. Kuvunja ahadi kumetajwa katika Hadithi ya Bukhari na Muslim miongoni mwa alama za mnafiki. Ukijua hutaweza, usiseme. Ukisema, sema kwa insha Allah na nia ya kweli, kisha timiza, hata kwa ujumbe wa maneno mawili: "Nimepita, salama."

Vile vile, mkeo amekosea, lakini chanzo cha kosa kilikuwa khofu, na khofu hiyo sehemu yake umeipanda wewe. Usilifanye neno "dhambi" kuwa fimbo ya kumchapia. Msamehe, kama unavyopenda Allah akusamehe.

9. Muhtasari

"Cheki" limeanza kwa Waajemi kuwa ni mfalme, likawa tishio kwa mfalme, likawa kizuizi, likawa ukaguzi, na kwetu likawa kila kitu. Neno lenyewe halina dhambi, na hatuoni tatizo kulitumia. Hukumu inafuata kitendo. Ukicheki habari kabla ya kuisambaza, mizani kabla ya kuuza, afya kabla ya kuugua, umefanya jema, na mara nyengine ni wajibu. Ukicheki aibu ya Muislamu mwenzako iliyositirika, umeingia katika lililokatazwa. Na cheki iliyo bora kuliko zote ni muhasaba, mtu kujikagua nafsi yake kabla ya Siku ambayo ataisimamia hisabu bila ya wakala.

Dada yetu, uliyoyafanya yana mlango wa kutokea: omba maghfira kwa Allah, muombe radhi mumeo, na usimsimulie mtu mwengine lolote ulilolisoma katika simu ile. Qur'ani imewafananisha mke na mume na vazi, kila mmoja kwa mwenzake, na kazi ya vazi ni kusitiri. Kisha kaeni mukubaliane juu ya jambo moja dogo: kila akitoka Misugusugu apige, na ukipigiwa ulale.

Tunamuomba Allah aisitiri nyumba yenu na nyumba zetu zote, na awarudishe wasafiri wetu kwa salama. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.